Koti la Muuaji

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake mbali, asije akasema nimemfungasha pamoja na wewe. Miguu yake inasemaje? Mwambie ile dawa ya kuchua ni ya kuchua, si ya kuweka kabatini kwa ajili ya wageni. Mimi mzima. Chumba ni kilekile, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na mkasi wa Baba bado uko mezani pangu, umelalia makaratasi yasipeperuke. Butu kweli kweli, haukati hata bahasha, lakini kila mgeni akiuliza namwambia huo ndio urithi wangu.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya Mama, na Mama hawezi kuongea bila kuweka sauti ya nje. Habari hii sitaki ianzie kwa majirani.

Dada, nimepata! Baada ya miaka sita ya kurekodi harusi za watu na matangazo ya sabuni, nimepata mfadhili wa filamu yangu mwenyewe, filamu nzima, saa moja na dakika arobaini. Ni filamu ya uhalifu na hadithi yake ni yetu: karakana ya Baba ya ushonaji, Mbia wake aliyepigwa pasi ya mkaa kichwani akafungiwa stoo, na Fundi Chaki, mkataji wetu wa vitambaa, aliyefanya unyama ule. Mimi nilikuwa na miaka mitano, sikumbuki kitu ila watu wengi uani na mimi kukatazwa kucheza. Lakini nimelitafuta jalada la kesi, nimelipata, nimelisoma mara nne. Maneno yako ni ukurasa mmoja na nusu. Msichana wa miaka kumi na tano amesimama kizimbani mbele ya watu wazima, anasema: "Nilimwona Fundi Chaki anashuka ngazi za stoo, akafunga mlango wa chini, akatia ufunguo mfuko wa ndani wa koti lake." Niliposoma pale nilijikuta nimesimama peke yangu chumbani. Bila wewe yule mtu angetembea huru. Wewe ndiye moyo wa filamu yangu.

Sasa ombi. Mavazi ya dukani siyataki. Nataka yashonwe kwenye cherehani ya Baba, kwa mkono wako. Orodha na vipimo viko ndani ya bahasha hii: aproni sita za mafundi, suti ya Mbia, gauni la msichana siku ya ushahidi, na koti la muuaji, la kahawia, lenye mfuko wa ndani wa kutilia ufunguo. Na unieleze: ulijisikiaje siku ile? Ulimtazama usoni? Yeye alikutazama? Kaa uandike yote, usininyime.

Kitinda wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha imefika na vipimo vimefika. Mama hajambo kwa kiasi chake. Asubuhi ameamka akagombana na redio, ndipo nikajua yu mzima. Dawa ya kuchua anasema akiitumia itaisha. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, palepale, nimeweka ndoo na sasa ni kama mwanafamilia. Kazi ipo. Msimu wa sare za shule haujaisha, nimeinama tangu Januari, na nikisimama jioni mgongo unachukua muda kukubali.

Hongera. Naisema kwa moyo. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba mdogo wangu anatengeneza filamu tangu enzi za sabuni, basi angalau uongo huo sasa umekuwa kweli.

Lakini duniani hakukuwa na hadithi nyingine? Watu wanaibiana, wanasalitiana, wanakimbia na wake za watu, uhalifu umejaa tele. Hii yetu ina nini?

Aproni nitashona. Suti nitashona. Koti nitashona, unipe muda. Gauni la msichana sishoni. Nunueni, magauni siku hizi yamejaa.

Hayo ya mahakama sikumbuki, ni zamani. Gauni lilikuwa la buluu, kola nyeupe, vifungo sita mbele, na kola upande mmoja ilisimama kidogo ikawa inanikuna shingo. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu.

Na mkasi wa Baba si butu. Usiwaambie wageni hivyo.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Aproni zimefika, suti imefika. Mwigizaji wa Mbia alipoivaa alikataa kuivua, akaenda nayo kula mchana, ikabidi nimfuate na kitambaa nimfunge kifuani kama mtoto wa chekechea. Mpe Mama pole ya radi. Nimesikia kwenye habari kwamba mvua huko imekuja na hasira.

Mama alinipigia wiki iliyopita. Nilidhani ni miguu. Akaniambia maneno matatu tu: "Tafuta hadithi nyingine." Nikamuuliza kwa nini, akasema chai yake inapoa, akakata. Mama yule, ambaye kuagana kwake peke yake ni robo saa! Naelewa inamuuma. Baba alikufa miaka mitatu baada ya kesi, na wote husema ni huzuni ya rafiki yake iliyommaliza. Lakini mimi sitafuti nyingine, Dada. Nina miaka ishirini na saba. Wenzangu niliosoma nao wameshaonyesha kazi zao mpaka nchi za watu, mimi nawaambia maharusi wageuke kidogo kushoto. Mfadhili anataka filamu iwe tayari mwisho wa Agosti, kuna tamasha. Nikiikosa hii narudi kwenye sabuni, na safari hii sitatoka.

Mwigizaji wa Chaki ni balaa. Ana macho ukiyaona unawaita watoto ndani. Bango tumeshalitengeneza: uso wake, na chini maneno, "Alikata kitambaa. Akakata na uhai." Watu watatoka ukumbini wakimchukia mpaka wafike makwao.

Hujanijibu nilichokuuliza. Sikumbuki, sikumbuki, halafu vifungo umevihesabu. Wewe dada wewe. Koti nalisubiri.

Kitinda

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama aliteleza bafuni Jumanne. Hakuvunjika, amechubuka kiwiko na heshima. Daktari amesema apumzike, Mama amemuuliza daktari yeye alidhani siku zote hizi anacheza mpira.

Koti hili hapa. Nimelishona kama nilivyoliona. Lilipokuwa bado mezani Mama aliniuliza la nani, nikamwambia la kwenye filamu. Akapapasa bitana, akaingiza mkono mfukoni, akautoa. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu, kama wapangaji.

Kuna jambo sijakuambia. Fundi Chaki yupo hapa. Alimaliza kifungo chake cha miaka ishirini mwaka juzi, akarudi. Anakaa chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, anatengeneza miavuli na zipu za mabegi. Amezeeka kuliko umri wake. Siku za soko nikimwona mbele nakata kona na kapu langu, nashika njia ndefu. Mwaka wa pili huu nazunguka. Bango lako likifika huku litabandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, maana mabango yote hubandikwa pale. Atakuwa akifungua mlango wake analiona. Lifikirie hilo.

Dada yako

18 Aprili

Dada,

Shikamoo, na Mama apone kiwiko. Leo sina maneno mengi, na haya machache nisamehe yakiwa makali.

Koti ni zuri, mabega yamekaa, kila mtu kalisifu. Lakini mfuko umeuweka wapi? Mfuko wa ndani wa koti huwa kushoto, mtu anaingiza mkono wa kulia anafika. Wewe umeuweka kulia. Mwigizaji wa Chaki amejaribu mara kumi na moja, ufunguo umeanguka mara kumi na moja, ya mwisho ukaingia chini ya sakafu ya mbao, tukang'oa ubao. Siku nzima imepotea. Watu ishirini na wawili wamesimama wananitazama mimi, na mimi natazama mfuko. Msaidizi wangu akauliza kama fundi ni mwanafunzi. Nikamwambia ni dada yangu, ana miaka ishirini kwenye cherehani, na nikaona aibu kwa ajili yako.

Nalirudisha kwa basi la kesho. Hamisha mfuko tu, bitana usiiguse. Na bango, Dada, halibandikwi na mimi. Linabandikwa na wasambazaji. Mtu ameua, amefungwa, ametoka. Mimi nimfanyeje?

Kitinda

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kiwiko kimepona. Ndoo ya jikoni nimeibadilisha, ile ilikuwa imetoboka.

Koti linarudi kama lilivyokuja. Sikukosea. Uliniomba koti la muuaji.

Chukua mkasi wa Baba hapo mezani. Ushike kwa mkono wa kushoto, ukate karatasi.

Dada yako

6 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mwezi wa pili unaingia sina hata mstari. Nimeuliza ofisi ya vifurushi stendi, wameniambia koti lilichukuliwa na sahihi yako ipo. Mama haulizi, lakini saa ya basi la mchana hukaa kibarazani, na basi likipita anaingia ndani.

Sikuambii ujibu. Niambie tu unakula.

Dada yako

27 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakula. Kulala ndiko kumekuwa kwa vipande vipande.

Niliushika kwa kushoto. Nikaukatia barua yako. Umeteleza mpaka mwisho bila kukwama, mkasi ule ule niliokuwa nawachekesha nao wageni. Kumbe umetengenezwa kwa ajili ya mtu wa shoto. Nikakaa pale nikimtafuta Baba kichwani, na Baba ninayemkumbuka anakula kwa kulia na kusalimia kwa kulia. Ndipo nikakumbuka jambo moja dogo. Alikuwa akinifunga kamba za viatu asubuhi, ana haraka, na fundo lake nilikuwa siwezi kulifungua, maana lilizunguka upande usio wake.

Nimekukasirikia, sitaficha. Miaka ishirini na miwili! Umenilea, umenipikia, umenisomesha kwa sare za watoto wa watu, na hukunipa hata dokezo. Halafu unaniletea kwenye mfuko wa koti. Kwa nini hukusema? Kwa nini ulishona? Na kwa nini sasa, nusu ya filamu imesharekodiwa, mfadhili ananipigia kila Ijumaa, na mimi ndiyo kwanza naanza kuitwa mwongozaji? Kila nilicho nacho kimetoka kwenye cherehani ya Baba. Nikimvua yeye, mimi nabaki na nini?

Baba amekufa. Mama ni mzee. Chaki kifungo ameshakimaliza, hakuna atakayemrudishia. Naweza kumalizia kama ilivyo, tukanyamaza, tukazeeka. Nimejiambia hivyo kila asubuhi kwa wiki saba.

Lakini kwanza nataka kujua. Niambie yote, na usinihesabie vifungo.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zimepokelewa, Mama yuko vilevile. Nitaandika mara moja tu.

Ilikuwa Jumapili mchana, karakana imefungwa. Mama alinituma nimpelekee Baba chakula. Nilipoingia kwa mlango wa nyuma nikasikia sauti juu stoo, Baba na Mbia, wanagombania kibao. Mbia alikuwa amepata kazi ya sare za hospitali nzima, akataka kibao cha mlangoni kiandikwe upya, jina lake juu, la Baba chini. Na Baba alianza na cherehani moja barazani kwa watu, alitaka jina lake likae pale peke yake mpaka azikwe. Walibishana sana. Kisha nikasikia kishindo, kimoja tu, kama jora la kitambaa limeanguka. Baba akashuka amevaa koti lake la kahawia. Akafunga mlango wa chini, akafungua koti kwa mkono wa kulia, akatia ufunguo kwa kushoto. Aliyefunzwa kwa fimbo kula kwa kulia hula kwa kulia, lakini akiwa kazini au ana haraka, mkono wake humrudia. Akageuka akaniona. Akasema, "Weka chakula hapo, mwanangu." Akakaa, akala, akamaliza chote.

Jumatatu ufunguo ulikutwa kwenye droo ya Chaki. Chaki alikuwa amegombana na Mbia Ijumaa kwa ajili ya jora lililokatwa vibaya, na karakana nzima ilisikia. Jumapili alikuwa chumbani kwake peke yake anafua. Basi ikatosha.

Baba hakuniambia kitu mpaka anakufa. Mama ndiye aliyekaa na mimi, siku tatu, mimi napinda mapindo ya sare, yeye ananifundisha. "Sema ulichokiona, usiongeze, usipunguze. Badilisha jina tu." Nikamuuliza, na Fundi Chaki je? Akasema, "Chaki hana mke wala mtoto. Mimi nina ninyi wawili, na mmoja bado anakojoa kitandani." Huyo ni wewe.

Basi nikasema kweli tupu, nikabadilisha jina. Hakuna aliyeniuliza ni mkono gani. Na hakuna aliyeuliza jambo ambalo mafundi wote walilijua, kwamba Chaki hakuwa na koti. Aliwakatia watu makoti mwaka mzima, yeye akavaa fulana na aproni, chaki sikioni. Wakili wake alikuwa wa kupewa, ana kesi nne siku hiyo. Mafundi walikuwa na familia, na karakana ilikuwa ya Baba. Nilimsubiri mmoja wao asimame. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nilidhani watu wazima watanisahihisha.

Unauliza kwa nini nilishona badala ya kusema. Kusema nilishawahi kusema, unaona kulivyokwenda. Nilipokaa kulikata koti lako nilikusudia kuweka mfuko kushoto kama vipimo vyako vinavyotaka. Nilichora kwa chaki, nikafuta, nikachora, nikafuta. Mkono ulikataa, na mimi nimechoka kuushurutisha.

Umeniuliza ukimvua Baba unabaki na nini. Mimi nilibaki na nini, nilipomvika mwingine? Sikwenda chuo, sikuolewa. Wachumba walikuja wawili, na kila mmoja nilimtazama nikajiuliza siku moja nitamwambia au nitamdanganya mpaka kaburini. Nikaona heri cherehani, haiulizi.

Ninachokuomba ni kimoja. Usimweke Chaki ukutani kama muuaji. Nilimweka mimi mara ya kwanza, usimweke wewe mara ya pili.

Dada yako

3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mama mpe salamu, akizipokea. Nimekonda, usishtuke ukiniona.

Nimebadilisha. Nilikaa na wenzangu nikawaambia muuaji ni mwenye karakana, si mkataji, na sikuwaambia nimejuaje. Mwigizaji wa Baba alipolivaa koti nilimwambia atie ufunguo kwa kushoto. Ukaingia mara moja. Watu wakapiga makofi, mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mfadhili alikasirika, akasema aliyekubali kumfadhili ni muuaji mwenye macho yale. Tamasha limetupita. Filamu itaonyeshwa kwenye kumbi ndogo ndogo, na kwenye ukuta wenu wa mashine ya kusaga, labda. Bango ni jipya: koti tupu limetundikwa msumarini. Sina hamu tena ya kuitwa chochote, lakini kazi ni nzuri, Dada. Ni nzuri kuliko ile niliyokuwa naitaka.

Kingine. Nimekutoa. Msichana hayupo. Ushahidi anatoa mlinzi wa getini, mtu mzima, mlevi kidogo, amehongwa. Hakuna atakayeiona filamu akaunganisha na wewe. Ni zawadi yangu. Uliyabeba peke yako miaka yote hii, sasa yatue. Nimeituma ndani ya kifurushi, uitazame na Mama au bila Mama, utakavyoona.

Kitinda wako

29 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Bati la jikoni nimelibadilisha, hatimaye. Ndoo inatazamana na mimi, haina kazi. Mama miguu imevimba lakini anatembea mpaka getini.

Tuliitazama Jumamosi mchana, mimi na yeye, mapazia tumeyafunga. Koti lilipotokea nilimtazama yeye, sikuitazama filamu. Ilipoisha akasema, "Mabega umeyapatia." Kisha akalala akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Na wewe uko wapi? Sikumwona msichana." Nikamwambia umenitoa, kwa kunionea huruma. Mama akacheka, mdogo wangu, kicheko ambacho sikukipenda. Akasema, "Huyo ni mwanangu kweli."

Usiudhike. Lakini nilikaa na neno hilo siku mbili, na ni kweli. Umefanya alichofanya yeye. Umebadilisha jina tu. Umetafuta mlevi asiye na mke wala mtoto, ukamvika.

Jumanne nilichukua begi lililoachia zipu nikaenda nyuma ya mashine ya kusaga. Sikukata kona. Fundi Chaki alikuwa ameinamia mwavuli. Alinijua kabla sijasalimia. Akachukua begi, akalitazama, akasema, "Zipu hii nzima. Umeivuta mwenyewe."

Nikasema, "Ndiyo."

"Kaa basi."

Nikakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Nikamwambia yote, kwa mpango, kama nilivyokuandikia wewe. Alikuwa anaendelea na mwavuli wake, na nilimshukuru kwa hilo. Nilipofika mahakamani akanikata.

"Ulivaa gauni la buluu. Lile nilikukatia mimi, la sikukuu ya shule. Kola niliikata kwa haraka, upande mmoja ukasimama. Ulipokuwa unasema yale maneno nilikuwa natazama ile kola. Nikawaza, mtoto huyu inamkuna, na mimi sikupata nafasi ya kuirekebisha."

Hapo nililia. Sikulia mahakamani wala kwenye mazishi ya Baba, nililia pale juu ya ndoo, kinu kinanguruma ukuta wa pili, unga unatuangukia. Hakunibembeleza. Nilipotulia nikamwambia nataka kumshonea koti, nilikuwa hata nimekwenda na futi kamba mfukoni. Akatikisa kichwa.

"Koti la nini? Nimelivaa miaka ishirini koti ambalo sikuwa nalo. Sitaki jingine."

"Nifanye nini basi, Fundi?"

"Ulisemea wapi?"

"Mahakamani."

"Basi kaseme kulekule. Hapa nyuma ya kinu hakuna anayeandika."

Kesho kutwa Jumatatu nakwenda. Nimeulizia, kuna hakimu anayepokea viapo asubuhi, na mwenye ofisi ya kuandika barua karibu na mahakama amenionya kwamba kusema uongo kizimbani ni kosa hata kama ulikuwa mtoto, wanaweza kunishika au wasinishike. Nimemwachia jirani funguo za nyumba na maelekezo ya dawa za Mama. Mama nimemwambia. Amesema nisiende na viatu vile vyeusi, vinanibana. Sijui maana yake, nimechukua vya kahawia.

Nikirudi au nisiporudi, fanya kitu kimoja. Filamu bado iko mikononi mwako. Mtoe mlevi wako, nirudishe mimi. Tafuta msichana, umsimamishe kizimbani, aseme kila neno kama lilivyo kwenye ule ukurasa na nusu. Nitumie vipimo vyake. Gauni nitalishona mwenyewe, la buluu, vifungo sita, na kola upande mmoja nitaisimamisha kidogo, ili imkune.

Dada yako